Mishikaki ya kamba ya ukwaju na asali kwenye eafraya: shajara ya Agosti nzima

Ijumaa 1 Agosti 2025: kwa nini naanza

Mama anakuja tarehe 31 kukaa kwetu wiki mbili. Kakulia Bagamoyo, na kwake yeye mgeni akija ukamwekea kamba wa baharini ndo umemheshimu, nyama ya ng'ombe inafuata nyuma huko. Ila kamba anaowajua ni wale wa kuchovya kwenye unga wakazama kwenye mafuta mengi, na tangu mwaka jana presha yake haitulii, daktari kamwambia apunguze chumvi na vya kukaanga. Kila nikimpigia ananiambia kamba ameshasahau ladha yake. Inaniuma. Nataka akija akute mishikaki ya kamba inayong'aa, ina utamu na uchachu wa ukwaju, mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kilo nzima, na iweze kupikwa jioni ya siku ya kazi bila kukesha jikoni.

Nilichonacho ni eafraya, lile jiko dogo la umeme linalopika kwa feni ya hewa ya moto, ya lita 4, wati 1,500, tuliinunua kwa ajili ya chipsi za watoto. Droo yake kwa ndani ina sentimita 20 tu kila upande, hii namba mtaiona inarudi. Nitaandika kila hatua na bei zake ili mwenye kutaka kufuata asipoteze hela pale nilipopoteza mimi.

Jumamosi 2 Agosti: jaribio la kwanza, moshi nyumba nzima

Saa 12 asubuhi nimevuka na pantoni kutoka Kigamboni kwenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nauli 200 kwenda 200 kurudi. Kamba kilo 24,000, wa size ya kati, nimewahesabu nyumbani wako 38. Kuchagua: kichwa kiwe kimeshika mwili hakining'inii, ganda limebana nyama, harufu iwe ya bahari, ukisikia harufu inayochoma pua ondoka hapo. Weusi kidogo kwenye kichwa peke yake sio lazima awe ameoza, ni kama bilinganya ukiikata ikakaa hewani inavyobadilika rangi, ila weusi ukiwa pamoja na harufu basi hapana.

Muuzaji kaniambia "dada ukifika tu kata vichwa, usiwalaze navyo." Nusu nikakata, nusu nikasema nitawafanya jioni. Kumbukeni hilo.

Nilichofanya ni kile ambacho nadhani kila mtu angefanya, nikachanganya kila kitu kwenye bakuli moja, asali vijiko vitatu, soya sosi vijiko viwili, ukwaju, saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, nikalowekea kamba humo masaa mawili, nikawatunga kwenye vijiti, digrii 200, dakika 10.

Dakika ya nne moshi. Sio moshi wa harufu nzuri, ni ule wa sukari iliyoungua unaokaba koo, nikafungua madirisha yote. Sosi yote ilikuwa imedondoka chini ya droo ikageuka lami, na kamba wenyewe juu wamepauka, wana maji maji, ukitafuna wanaruka kama raba. Yani chini kumeungua na juu hakujaiva vizuri, kwa wakati mmoja!

Nimekaa nikafikiria na kusoma, nikaelewa mambo mawili. La kwanza, asali sio sawa na sukari ya dukani. Sukari ya kawaida inaanza kugeuka karameli kwenye digrii 160 hivi, lakini asali imejaa fruktosi na hiyo inaanza kwenye digrii 110 hivi, kwa hiyo kuiweka kwenye digrii 200 tangu mwanzo ni kuiunguza kwa makusudi. La pili ni maji. Kitu kikiwa kimelowa, juu yake joto halipandi kupita digrii 100 mpaka yale maji yakauke, kwa hiyo kamba wangu walikuwa wanachemka tu humo ndani.

Droo ilisafishika hivi: maji ya moto na kijiko cha bekin soda, iache dakika 20, sponji laini. Usitumie stili waya, utakwangua ile rangi nyeusi inayozuia chakula kushika.

Jumatano 6 Agosti: ndimu na vichwa

Nimetoka kazini nikasema leo nafanya kwa haraka kweli. Nikatoa friza ile nusu ya Jumamosi, yani wale ambao vichwa nilivikata jioni. Nyama ya upande wa kichwani imekuwa tepetepe, ukibonyeza inabaki na kidole. Muuzaji alikuwa sahihi kabisa, kichwani ndo kuna viungo vya kumeng'enyea chakula, kamba akishakufa ule ute unaendelea na kazi yake, unameng'enya nyama ya mwenye nao. Kata vichwa ndani ya lisaa la kwanza, osha, weka kwenye barafu. Vichwa usitupe, vichemshe na kitunguu na nyanya upate supu ya kupikia wali.

Kosa la pili siku hiyo hiyo. Nikakamulia ndimu mbili nikawaacha, mtoto akaja na homuweki ya hesabu, tukakaa nayo saa moja na nusu. Niliporudi kamba walikuwa weupe wote, wagumu, kama wameshapikwa, kumbe uchachu unafanya kwenye nyama ya kamba kitu kile kile unachofanya moto. Nikawapika hivyo hivyo, walikuwa kama kutafuna chaki. Kuanzia leo ndimu inakamuliwa mezani, sio kwenye bakuli la kulowekea.

Jambo moja limefanikiwa: sosi nimeipaka dakika tatu za mwisho tu na hakuna moshi. Ila ilikuwa nyepesi mno, imeteleza yote, kamba hawajang'aa.

Ijumaa 8 Agosti, Nane Nane: siku nzima ya majaribio

Sikukuu ya wakulima, watoto wameenda maonyesho na baba yao, mi nimebaki na jiko. Feri leo kamba wamekuwa wengi, mwezi unakaribia kujaa na bahari iko bamvua, nimepata kwa 22,000 kilo, nikachukua kilo moja na nusu kwa 33,000. Vichwa nimekatia pale pale sokoni. Kilo moja yenye vichwa na maganda baada ya kumenya imebaki nyama gramu 540, kwa hiyo ukipiga hesabu ya bei piga kwa nyama, sio kwa kilo ya sokoni.

*Kuwamenya.* Toa ganda, acha kipande cha mkia maana ndo mshikio na pia kinapendeza. Pasua mgongo kidogo kwa kisu kikali utoe ule uzi mweusi, ni utumbo, una mchanga. Kilo moja inanichukua dakika 15, hii sio haraka na sitadanganya mtu kwamba ni haraka. Fanya usiku wa kabla.

*Kuwakausha.* Hapa ndo nimeona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote mwezi huu. Nimegawa mafungu matatu: la kwanza nimeosha nikalitunga kwenye vijiti vile vile, la pili nimefuta na tishu za jikoni, la tatu nimefuta nikaliacha friji bila kufunika dakika 20. La kwanza limetoa maji chini ya droo na kamba wamepauka, la pili zuri, la tatu limepata vile vidoa vya kahawia kwenye kingo na utamu wake unausikia mwenyewe. Nikarudi kwenye daftari nikasoma makosa yote tangu mwanzo nikaona karibu kila mahali adui alikuwa maji, kamba aliyelowa, sosi iliyo nyepesi, ndimu. Kwa hiyo kazi yote sasa inageuka kuwa kuondoa maji kabla moto haujaanza, maana kamba anaiva dakika tano na hizo hazitoshi kukausha na kupaka rangi kwa pamoja.

*Sosi.* Nimejaribu tatu.

Ya kwanza nimeikoleza kwa unga wa ngano kijiko cha chai. Imekuwa nzito ndiyo, lakini imefifia, imekuwa kama uji wa kahawia na ina ladha ya unga mbichi. Nimemwaga.

Ya pili nimeongeza asali mpaka vijiko sita. Imeng'aa vizuri, ila tamu mpaka kamba mwenyewe humsikii, na pembeni imeungua. Asali sio rahisi, chupa ya gramu 500 nimenunua 8,000.

Ya tatu nimeichemsha tu peke yake kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, dakika 8, mpaka imepungua nusu. Ndo hii! Ukichovya kijiko ukapitisha kidole mgongoni mwa kijiko, mstari unabaki wazi haujifungi. Ukwaju wenyewe una uzito wake, ukishapoteza maji unakuwa kama jamu na unashika. Ikipoa inazidi kuwa nzito, kwa hiyo itoe motoni ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyotaka.

*Vijiti.* Pakiti 1,500, vijiti vya sentimita 25, droo yangu 20. Nimevikata kwa mkasi wa kukatia kuku mpaka sentimita 18, ncha iliyokatwa ina vibanzi, isugue kwenye sakafu ya simenti kabla mtoto hajajichoma. Kuhusu kuloweka vijiti, wote tumefundishwa kwenye mkaa kwamba lazima uloweke visiungue. Nimejaribu vilivyolowekwa nusu saa na vikavu, kwenye eafraya hakuna mwali wa moto unaovigusa, vikavu vimebadilika rangi kidogo tu kwenye ncha, na vile vya kuloweka vimeleta maji mengine ndani ya nyama. Siloweki tena.

Halafu kijiti kimoja hakitoshi. Ukitaka kugeuza mshikaki, kijiti kinazunguka na kamba wanabaki pale pale. Tumia vijiti viwili sambamba, kimoja kipite karibu na mkia kingine upande wa kichwani, kamba anakaa amelala bapa hazunguki. Kamba wanne kwa mshikaki, waachie nafasi ndogo ya kupita hewa, usiwabananishe.

*Karatasi.* Nilitandika karatasi ya kuokea ili nisisafishe droo, nikawasha kwanza ipate moto kabla sijaweka kamba. Feni ikainyanyua karatasi ikaenda kugusa koili juu, ikaanza kuwa nyeusi pembeni, nikachomoa umeme haraka. Karatasi isikae humo peke yake hata dakika moja, lazima iwe na uzito wa chakula juu, na mimi sasa sitandiki kabisa maana pia inaziba hewa ya chini.

Jumanne 12 Agosti: umeme umekatika dakika ya tatu

Leo nilitaka kujua digrii 180 au 200, kwa ile nusu kilo iliyobaki friza. Nimewayeyusha kwenye friji tangu asubuhi, nimefuta vizuri, mishikaki mitano. Dakika ya tatu umeme ukakatika mtaa mzima.

Kamba alikuwa nusu, kingo zimekuwa za pinki na katikati bado kijivu. Ile rangi ya pinki iko ndani ya kamba siku zote, imeshikwa na protini inayoifunika mpaka moto uifungue, kwa hiyo kijivu kikibaki maana yake moto haujafika hapo. Sikutaka waendelee kukaa kwenye droo ya vuguvugu nikisubiri umeme, chakula cha baharini nusu kibichi kwenye joto la namna ile ndo kinapoharibika. Nikawatoa, nikawaweka friji, nikawasha jiko la mkaa. Mkaa mpaka ukolee ni dakika 30 na kitu, kisha kamba dakika mbili tu juu ya moto na sosi juu.

Na lazima niseme ukweli, walikuwa watamu kuliko wote niliopika mwezi huu. Ule moshi. Eafraya haina moshi na haitakuwa nao, hilo nimelikubali, ila limenikaa kichwani na nitalirudia.

Jaribio la 180 na 200 nimelifanya kesho yake jioni kwa mishikaki miwili tu niliyoomba jirani anitunzie kwenye friza lake. 180 inachukua dakika 8 na kamba anakauka kabla hajapata rangi. 200 dakika tano na nusu. Nimebaki na 200.

Jumapili 17 Agosti: kamba wa pakiti, na hesabu ya chumvi

Sio kila mtu anaishi karibu na Feri, nimepata maswali ya ndugu walioko Dodoma, kwa hiyo nimejaribu kamba wa kugandishwa, waliokwisha menywa. Pakiti imeandikwa kilo moja, 38,000 kwenye duka moja la mjini. Nimeyeyusha kwenye chujio usiku kucha ndani ya friji, asubuhi nimepima: gramu 760. Gramu 240 zilikuwa barafu. Kamba wa viwandani wanapewa koti la barafu makusudi ili wasikauke friza, hilo lina sababu yake, ila mnunuzi analipia, na ukigawa vizuri nyama imesimama kwenye 50,000 kwa kilo. Wa Feri kwa bei ya 24,000, kilo ya nyama ni kama 44,400 na unabaki na vichwa vya supu.

Nyuma ya pakiti kulikuwa na E451. Hiyo ni fosfeti, inamfanya kamba ashike maji, na kweli nimewafuta mara tatu na bado kwenye eafraya wakatoa maji. Ukiweza chagua pakiti ambayo viungo vyake ni kamba na chumvi tu. Kama huna namna, baada ya kuyeyusha wafute, waache friji bila kufunika lisaa zima badala ya dakika 20, wape dakika moja ya ziada kabla ya kupaka sosi. Wamekuwa wa kuridhisha, sio zaidi ya hapo.

Sasa chumvi, maana hii kazi yote ni kwa ajili ya mama. Nimekaa na kikokotoo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, hiyo ni kama gramu 5 za chumvi. Kijiko kimoja cha mezani cha soya sosi ya kawaida peke yake kina zaidi ya miligramu 800. Mimi nilikuwa naweka viwili! Na tangu tarehe 8 nilikuwa nawapaka kamba chumvi na robo kijiko cha chai cha bekin soda, maana inawafanya wakakamae wawe na ule mng'ato mzuri, nikasahau kwamba bekin soda nayo ni sodiamu, robo kijiko ni kama miligramu 300. Nilishtuka. Nilikuwa naandaa chakula cha mgonjwa wa presha na nilikuwa nampa chumvi kwa milango mitatu.

Nimetoa soya sosi yote. Nimetoa bekin soda. Chumvi imebaki robo kijiko cha chai kwa kilo nzima. Ili isipwaye nimeongeza ukwaju, tangawizi na pilipili manga, na ndimu mezani. Mume wangu kaonja bila kuambiwa, kasema leo ukwaju umekolea. Hakuuliza chumvi.

Jumamosi 23 Agosti: mkaa mmoja

Feri tena, kilo moja 24,000. Nimenunua na kipimajoto cha nyama 25,000, ni ghali, sio lazima ukinunue. Joto linaloshauriwa kwa kamba ni digrii 63 katikati. Sindano ni nene kwa kamba wa size hii, ichomeke kwa urefu kutokea upande wa kichwani. Dakika tano na nusu ilisoma 64. Usipokuwa nacho angalia umbo, akijikunja kama herufi C ameiva, akijikunja mpaka mkia unagusa kichwani kama O umempitisha.

Kuhusu moshi. Jirani yangu, bibi mmoja wa kisiwa cha Mafia, alikuja kurudisha kontena, nikamweleza tangu mwanzo. Akasema, "Mwanangu, kamba we muonyeshe moto tu, na moshi utampa baadaye." Akanifundisha vile wanavyofukiza biriani. Unachukua kaa moja la mkaa, unaliweka kwenye jiko la gesi mpaka liwe jekundu, unalitia kwenye kibakuli kidogo cha chuma katikati ya sufuria yenye mishikaki iliyoiva, unadondoshea samli tone moja, linafuka, unafunika haraka dakika mbili. Basi. Moshi umeingia, na sijawasha jiko la mkaa. Fungua madirisha, na usizidishe dakika, nilijaribu nne na ikawa chungu.

Hivi ndivyo inavyokaa sasa, kwa kilo moja ya kamba wenye vichwa, mishikaki tisa:

Usiku: menya, toa uzi, funika, friji. Chemsha sosi: ukwaju gramu 60 kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, chuja, asali vijiko vitatu vya mezani, saumu punje 4 zilizopondwa, tangawizi kipande cha kidole gumba, nusu pilipili mbuzi, pilipili manga. Dakika 8 moto mdogo. Gawa vibakuli viwili, kimoja cha kupakia wakati wa kupika, kingine cha mezani ambacho brashi iliyogusa kamba mbichi haikigusi.

Jioni: futa kamba kwa tishu, waache friji wazi dakika 20 wakati unapika wali au unakata kachumbari. Mafuta kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko, changanya kwa mkono, watunge kwenye vijiti viwili viwili. Eafraya ipate moto digrii 200 dakika tatu. Mishikaki mitano kwa mkupuo, dakika tatu, geuza, paka, dakika moja na nusu, geuza, paka, dakika moja. Toa, paka mara ya mwisho ikiwa ya moto. Fukiza ukipenda.

Toka kufuta mpaka mezani, ukitoa zile 20 za friji, nimepima na simu dakika 22 kwa mikupuo miwili. Nilitaka 20. Nyingi zinaliwa na kuwatunga kwenye vijiti, watoto wakisaidia inashuka.

Jumapili 31 Agosti: mama kafika

Tulikuwa watu 12. Kilo tatu kwa 23,000, jumla 69,000, mishikaki 28, mikupuo sita. Hapa nimegundua tatizo ambalo mishikaki tisa haikunionyesha: mkupuo wa sita ukitoka, wa kwanza umeshapoa na sosi imekuwa ngumu kama pipi. Mkupuo wa pili nilijaribu kurundika mishikaki minane ili niharakishe, ikabanana, ikatoa maji, ikapauka, nikarudi kwenye mitano. Suluhisho lililofanya kazi: pika mikupuo yote lakini paka sosi mara moja tu, ikimalizika yote irudishe mitano mitano sekunde 40, paka sosi iliyopashwa moto, peleka mezani hapo hapo, watu waanze kula wakati nyingine inakuja. Mita ya umeme ya LUKU ilishuka uniti 0.9 kwa muda wote huo, na friji na taa zikiwa zinawaka, ni kama shilingi 320.

Gharama ya majaribio yote bila ya leo: kamba 119,000, asali 8,000, ukwaju 2,000, saumu na tangawizi na pilipili na ndimu 5,500, vijiti pakiti mbili 3,000, tishu 4,500, brashi 4,000, kipimajoto 25,000, pantoni 1,200. Jumla 172,200. Anayefuata shajara hii hana sababu ya kutumia zaidi ya kilo moja ya kamba kujifunza.

Mama kala mishikaki mitatu. Wa kwanza aliugeuza geuza akauliza umekaangwa wapi, nikamwambia haujakaangwa, akaukamulia ndimu, akala kimya mpaka mkia. Wa tatu aliuchukua mwenyewe bila kukaribishwa. Usiku alitaka kujua ukwaju nachuja mara ngapi, maana anaona kuna kokwa ndogo zimepita, na ni kweli zimepita. Kesho nanunua chujio la matundu madogo zaidi, bibi wa Mafia ameshaomba kibakuli cha sosi.